Begi la Kilo Thelathini na Moja

Begi lilikuwa na kilo thelathini na moja, na Thabit alikuwa amelifunga mwenyewe.

La kilo halikumshangaza Nasriya. La kufunga ndilo lililomkalisha kitako. Mwanamume aliyeishi naye miaka kumi na minne, soksi zake hajui zimo mtoto wa meza gani, leo kafunga begi la safari, kalitia na kufuli, kalisimamisha nyuma ya mlango.

"Leo usijisumbue, Mama Aws," alimwambia asubuhi, huku akitafuta funguo za gari. "Nimeshafunga."

"Weye? Nani kakufunza?"

"Nimetazama kwenye simu."

Akacheka peke yake, akatoka kwenda gereji yake, mtaa wa Ghala. Ndege ya kwenda Jojia ilikuwa saa moja jioni.

Nasriya akalipima tena kwa ile mizani ya kuning'iniza, akaguna. Ruhusa ni kilo ishirini na tatu. Mwaka jana, wazimu huu wa kuteleza kwenye theluji ulipomwanza Thabit, ni yeye Nasriya aliyemfungia: soksi ndani ya viatu, fulana ndani ya helmeti, nguo nene kwenye mifuko ya kunyonywa hewa mpaka zikawa bapa kama chapati. Koti zito kuliko yote alimvisha mwilini, akatoka nalo kwenye jua la Muscat jasho likimtiririka. Kilo ishirini na mbili na nusu. Thabit alimsifu kwa wenzake mwezi mzima.

Sasa huyu ataaibika kaunta, afunuliwe begi mbele za watu. Nasriya akamwonea huruma. Akazungusha namba za kufuli, zile zile za siku zote, mwaka aliozaliwa mtoto wao, na begi likafunguka.

Juu palikuwa na vitu vya Thabit, vimevurugwa kama vimetupwa kutoka mbali. Chini, vimefungwa kwenye taulo, vilikuwa viatu vya kuteleza vya kike, vipya, vigumu kama ndoo. Koti la zambarau lenye manyoya kofiani. Suruali yake ya rangi hiyo hiyo. Glavu nyembamba za kike.

Nasriya akakaa juu ya zulia.

Hakuhitaji kuuliza. Noof, mke mdogo, kila kitu chake zambarau: mapazia, kasha la simu, mpaka kucha. Na jana tu aliweka kwenye simu yake picha ya mlima wa theluji, watu wote waione, na chini yake kile kiuso kinachobubujikwa na machozi. Analia kwa furaha, Nasriya alisema moyoni. Kwa furaha, mtoto wa watu, hata aibu hana.

Wivu wa kulala huku na kule alishauzoea. Siku mbili Darsait kwake, siku mbili Al Khuwair kwa Noof, kama zamu za askari. Huu ulikuwa mwengine. Siku Thabit alipooa mara ya pili aliapa mbele ya Hatem, kaka yake Nasriya, kwamba kitakachoingia nyumba hii kitaingia na ile. Na aliitimiza ahadi yake. Friji huku, friji kule. Akimpeleka huyu Salala, mwezi unaofuata anampeleka yule. Naye Nasriya aliapa siku ile ile: akipindisha hata mara moja, nnarudi kwa kaka yangu, na hanioni tena.

Akakitwaa kiatu kimoja akakijaribu. Pengine, alijidanganya, pengine ni vyangu, anataka kunishtukiza. Mguu ukakwama kabla ya kisigino kugusa chini. Akasukuma, akasukuma, mpaka jasho likamtoka.

Basi. Akatia nguo zake kwenye sanduku, akampigia Hatem amwandalie chumba, yeye na mwanawe. Vitu vya kike akavitia kwenye mfuko, akashika usukani kwenda Al Khuwair. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Chukua theluji yako, na mume mchukue, mzima mzima, siku zote saba za wiki.

Noof alifungua mlango nywele hazijachanwa, macho mekundu. Aliliona koti la zambarau likichungulia kwenye mfuko mkononi mwa Nasriya, akauegemea ukuta.

"Umekuja kunikoga, unitambie, bi mkubwa?"

Nasriya akasahau maneno yake yote. "Nani anamkoga nani?"

"Nilivikuta juzi kwenye buti la gari, alipokuwa kwangu. Nimelia siku mbili. Rangi yangu mimi, kisha anakununulia weye! Haya, nenda naye, wallahi sikuzuii. Lakini usije kunicheka mlangoni kwangu."

"Ebo! Usinifanye mtoto, Noof. Mie kiatu chenyewe hata hakiniingii. Vyako hivi."

"Vyangu?"

"Vyako."

Noof akampokonya mfuko, akatoa kiatu, akaketi pale pale kizingitini, akatia mguu. Ukaingia bila ya kusukumwa, ukazama mpaka chini, na nyuma ya kisigino pakabaki nafasi ya vidole vitatu. Si cha bi mkubwa, si cha bi mdogo; kina mwenyewe, wa tatu.