Maziwa ya Paka wa Shemsa

Kidawa alifungua ghala lake la mahindi asubuhi, akalikuta kimya, akafurahi. Sumu aliyochanganya na punje ilikuwa imefanya kazi. Alikuwa bado anafagia mizoga ya panya pale jirani yake Shemsa alipoingia uani na kikapu.

“Dada, niazime jembe,” Shemsa alisema. “Paka wangu amekufa, na watoto wake nao. Amebaki mmoja tu. Sijui ni ugonjwa gani.”

Ndani ya kikapu paka alilala ubavu, wanawe wamejibana tumboni kwake, midomo ingali kwenye chuchu.

Kidawa alielewa papo hapo. Jua liliyapa mahindi yake nguvu, mahindi yakampa panya, panya akampa paka, na paka akawapa wanawe kwa maziwa. Sumu ilipita njia hiyo hiyo.

Alileta jembe. Angeweza kunyamaza, lakini uso ulimwaka kwa aibu.

“Ni mimi,” alisema, macho chini. “Niliwatilia panya sumu. Nilijua paka wako huwinda humu, na sikukwambia umfungie.”

Shemsa alilipokea jembe. Alichimba shimo kando ya ua, akawafukia wote. Kisha akamtoa yule aliyebaki kwenye mkunjo wa kanga yake, akamweka mikononi mwa Kidawa.

“Mlishe wewe,” alisema, akaondoka.

Paka huyo alikuwa hajafumbua hata macho. Alitambaa kiganjani akipapasa, akaikuta ncha ya kidole, akaanza kunyonya.