Arobaini na Arobaini na Moja

Lebo ya namba arobaini ilibanduka bila ubishi. Ya arobaini na moja ndiyo iliyomtoa jasho. Bi Stoo aliirudisha chupa kwenye mvuke wa birika, akaivuta lebo taratibu kwa ukucha, sikio likiwa mlangoni. Dakika chache baadaye lebo zilikuwa zimebadilishana chupa, na chupa zimerudi rafuni, kila moja na namba isiyo yake.

Hii ilikuwa mara ya tatu. Kila siku ya kliniki aliwahi kazini kabla mtu mwingine hajafika.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ametunza stoo ya dawa ya hospitali ile bila kupoteza hata pamba. Ndiyo maana utafiti wa kuzuia watoto njiti ulipoanza, ufunguo alikabidhiwa yeye. Nusu ya wajawazito walipewa dawa halisi, nusu vidonge tupu vinavyofanana nayo, na hakuna aliyeruhusiwa kujua nani anameza nini. "Hata mimi sijui," Daktari Mkuu alipenda kusema, "na sitaki kujua."

Bi Stoo naye hakutaka, mpaka alipofungua boksi la kwanza akakuta karatasi iliyosahauliwa humo na mfungaji wa kiwandani. Namba upande huu, yaliyomo upande ule. Arobaini: tupu.

Arobaini ilikuwa namba ya binti yake.

Binti huyo alikwishazika watoto wawili, wote wa miezi sita, wote wa kuenea viganjani. Baada ya wa pili alisema tu, "Bahati yangu naijua, Mama." Bi Stoo hakuwa na moyo wa kuyasikia maneno hayo tena. Aliificha karatasi kifuani, mahali ambapo mwanamume mwenye adabu hapekui, kisha akatafuta namba ya karibu yenye dawa halisi. Mkosi ukamwangukia arobaini na moja.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, alijiambia. Arobaini na moja naye ana mama yake, atajua la kufanya.

Tatizo ni kwamba namba ile ilikuwa na uso. Aliiona kupitia dirisha la stoo: msichana mwembamba, mimba ya kwanza, anayeogopa hata kupanda mizani. Aliketi bega kwa bega na binti yake kwa sababu waliitwa kwa kufuatana. Wakishapokea chupa zao, waliongozana chooni wakicheka kama wanafunzi.

"Ninyi na choo mna nini?" Bi Stoo alimtania binti yake.

"Mama nawe! Mjamzito na choo wataachana wapi?"

"Na huyo mwenzio, hajambo?"

"Hajambo. Ila ni mwoga wa dawa huyo, sijapata kuona."

"Lakini anameza?"

"Anameza."

Siku hiyo chakula cha mchana kilimshinda Bi Stoo. Alijiona mwizi, na alikuwa mwizi. Lakini mwezi uliofuata aliwasha birika vilevile.

Nyumbani, chupa ya arobaini ilikaa kando ya kitanda cha binti, na kila asubuhi Bi Stoo alisimama hapo mpaka kidonge kipite kooni. Wiki ya ishirini na nne ikapita, ile iliyomchukua wa kwanza. Ya ishirini na tano ikapita. Bi Stoo akathubutu kununua uzi, akaanza kufuma kofia.

Wiki ya ishirini na sita, binti alikuwa akisuuza vikombe alipoishika sinki kwa mikono miwili na kuinama. Maji yaliyokuwa yakitiririka sakafuni hayakutoka bombani.

Mkunga alichoma sindano ya kutuliza uchungu, uchungu ukakataa kutulia. Akachoma ya kukomaza mapafu ya mtoto, kisha akaenda kuandaa kitanda cha joto bila kuwatazama usoni.

Bi Stoo alipiga magoti sakafuni, akaushika mkono wa binti yake.

"Haiwezekani," alisema. "Wewe haiwezekani. Mbona vidonge ulimeza? Nilikuona kila siku kwa macho yangu!"

"Nilimeza, Mama." Binti aliuma meno mpaka uchungu ulipolegea. "Ila havikuwa vyangu. Kwa bahati hii yangu, nilijua tu nimepewa tupu. Mwenzangu naye, mwoga wa dawa, akafurahi. Kila kliniki tulimiminiana kule chooni: vya arobaini kwake, vya arobaini na moja kwangu."