Friji la Nyuma ya Kaunta

Muuzaji alishafika friji la sita, anasifia taa za mlangoni. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kama mtaalamu, yeye aliyetuchagulia mawili yaliyokufa ndani ya mwaka, yakaharibu hadi dawa za kisukari za mama yake.

"Kaka, taa sili. Nataka lisilozima."

Nyuma ya kaunta kitu kilinguruma. Friji kuukuu, bawaba zina kutu, mpini umefungwa kamba. Nikazunguka, nikalifungua. Ndani, mabakuli ya chakula cha wafanyakazi na chupa za maji yaliyoganda.

"Hili lina miaka mingapi?"

"Kumi na tisa, mama. Halijatusumbua hata siku moja. Ila haliuzwi."

Nikaanza kuwatolea mabakuli yao, moja moja, nikiyapanga juu ya kaunta.

"Mke wangu," mume wangu akaanza.

"Shika upande huo."