Sangara wa Nyanzobe

Mtaani kwetu nyumba isiyo na sangara haipati maji ya bomba. Kila sebule ina tangi la kioo, refu kama kitanda, na bwana samaki hupita kila Jumatatu kuhesabu. Perege wa kumlisha sangara tunaletewa wakiwa hai, sita kwa wiki, na binadamu haruhusiwi kuwaonja. Sisi tunakula unga wa kopo.

Jirani yangu Nyanzobe alipokwenda msibani Geita, tangi lake lilikuwa linavuja, akaniachia sangara wake mdogo.

"Koku, wako asiwe na njaa tu. Atammeza huyu."

"Ondoa shaka, mwenzangu. Wangu anashiba kuliko mimi."

Nilisema hivyo nikijua perege wa wiki ile nimewala mwenyewe. Mimi, bibi wa miaka sabini na mbili, niliwakaanga kwa kitunguu na nyanya, madirisha nimefunga, nikalamba mpaka vidole. Kesho yake tangini kulikuwa na samaki mmoja, tumbo limemtuna, kipande cha mkia kikimtoka mdomoni.

Bwana samaki aliuliza huyu ni wa nani. Nikasema wangu. Nyanzobe nikamwambia wake aliugua, akafa.

Sasa bomba lake limefungwa. Kila asubuhi anakuja na ndoo mbili, namjazia. Jana aliniletea khanga ya shukrani.

"Watu wenye roho kama yako wamekwisha," alisema, kisha akainama kwenye kioo. "Na wako alivyonenepa! Unamlisha nini?"

"Perege tu, mwenzangu. Wale wale," nikajibu, macho yangu kwenye ndoo.