Mhudumu wa Nne

Fundi bomba aliilegeza koki ya uani kwa spana, akasubiri mpaka ikaanza kudondosha, kisha akafuta mikono na kuchukua simu awaandikie watu wa maji kwamba koki yake inadondosha. Hakupenda kusema uongo.

Alikaa mlangoni, miwani puani. "Habari za asubuhi. Poleni na kazi. Samahani kwa usumbufu, koki ya uani inavuja tena. Nitashukuru nikipata msaada." Akaisoma upya, akaweka nukta iliyosahaulika, akatuma.

Jibu lilikuja upesi. "Karibu, mteja wetu. Mimi ni Mhudumu wa Saba. Nikusaidie nini?"

"Usijali, nitaandika tena baadaye. Kazi njema," akajibu fundi, akaweka simu chini. Chai yake ilikuwa imepoa. Tangu mkewe afariki, nyumba ile haikuwa na mtu wa kumuuliza kama amekula, na siku nyingine alijikuta anajibu redio.

Kinyozi wa nyumba ya pili alikuja kuazima ngazi. Akaiona koki, akaiona simu, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mzee, nusu ya mabomba ya mji huu umetandika wewe. Leo unawauliza watoto wa ofisini namna ya kukaza koki?"

"Namsubiri wa Nne."

"Huyo huyo wa kila siku? Mzee, umeshikwa! Na kama ni mashine? Siku hizi zinajibu mashine, hakuna mtu pale."

"Basi mashine hiyo imelelewa."

Kinyozi ndiye aliyemfundisha adabu za simu. Zamani fundi aliandika kwa herufi kubwa tupu, na neno likimjia kichwani tayari limeshatumwa. Ndivyo alivyomkosa kitinda mimba wake. Binti alipoachana na mumewe, baba alimwaga hasira zake zote kwenye kundi la ukoo, wajomba wanasoma, shangazi wanasoma, wengine wakaweka vikatuni vya kucheka. Kesho yake akafuta, lakini watu walikuwa wameshasambaza. Binti akajitoa kwenye kundi, na nyumbani hakukanyaga tena. Hata habari zake fundi alizipata kwa kumbembeleza dada mkubwa wa binti, kidogo kidogo.

"Herufi kubwa ni kupiga kelele, mzee," kinyozi alimwambia wakati ule. "Na mtu akikuudhi, mfuate pembeni. Usimseme kwenye kundi." Somo lilikuwa zuri, ila lilichelewa.

Fundi akaandika tena. Safari hii jibu likasema: "Habari za asubuhi. Mhudumu wa Nne hapa. Ni koki ya uani tena?"

Uso wake ukachangamka. Kwa kawaida ofisi ile humwambia mteja akatafute fundi. Huyu alimwelekeza: afunge maji kwenye mita, atoe kipira cha ndani akigeuze, azungushe utepe wa kuzuia maji huku akiuvuta usilegee, akaze kwa mkono kwanza, spana iwe ya mwisho. Fundi alifuata kila neno kama mwanafunzi mpole, na hakuona pa kusahihisha.

"Imetulia," akaandika. "Mungu akubariki. Umeamkaje?"

Kisha: "Mteja wetu, wasimamizi wameona unatuandikia kila siku. Mazungumzo haya huwa wanayasoma. Nimeagizwa nilifunge shauri lako."

Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo fundi aliandika neno likajibiwa, na sasa panafungwa. Akaandika maneno mengi, akayafuta. Akaandika mengine, nayo akayafuta. Hakutaka kumfedhehesha mtu mbele ya wakubwa zake.

Mwishowe akatuma: "Nimeelewa. Nisamehe kwa niliyokufanyia mbele za watu."

Kinyozi alikuwa akichungulia begani kwake. "Watu gani tena, mzee? Si koki tu?"

Fundi alikitazama kioo cha simu mpaka kikazima, akakiwasha, kikazima tena.

Jibu likaingia. "Nimepokea. Shauri la leo nimelifunga. Ikianza kuvuja tena, andika asubuhi. Asubuhi nakuwepo mimi."

"Umeona?" kinyozi akasema, akiinua ngazi begani. "Zinajibu hivyo hivyo kwa kila mtu. Mashine."

Kwenye simu yake mwenyewe, kitinda mimba alikuwa ameifungia namba ya baba yake tangu siku ile ya kundi la ukoo. Kazini, akiwa Mhudumu wa Nne, hakuruhusiwa kumfungia mteja.