Taa ya Bombani

Siku hizi kila mtaa una taa juu ya bomba la maji. Watoto wa mtaa wakiugua saratani wakafika wanne, taa hugeuka nyekundu na watu wote huhamishwa. Taa ya kwa kina Mwasiti ilikuwa kijani, ndiyo maana jioni ile, kabla Mwasiti hata hajavua baibui alilotoka nalo hospitali, balozi wa mtaa aliingia na sinia la pilau na fomu.

"Pole, shoga," alisema balozi, Mama Tunu, mwanamke anayechekesha hata msibani. "Riziki tumwandikishe kwa dada yako kule mlimani. Mlimani kuna nafasi, hata ya saratani."

Mwasiti hakucheka. Riziki alikuwa amelala mapajani pake. "Mwanangu kazaliwa hapa, anaugulia hapa."

"Na mimi je, kitovu changu si kimezikwa hapa hapa? Tukihamishwa, vitumbua vyangu nitamuuzia nani? Wenzako mbona walikubali? Wa Bi Hadija tulimpeleka Tanga kwa karatasi tu, wa fundi viatu tukamwandika kwa bibi yake, mapacha wa mwalimu..."

Mwasiti alikuwa akihesabu kwa vidole, na kwa Riziki kidole cha tano kilisimama.

Akakimbilia mlangoni. Bombani watoto walikuwa wanakinga maji kwa viganja.

"Msinywe!" alipiga kelele. "Nimesema msinywe!"

Wakacheka, wakamwonyesha juu.

"Mama Riziki, kwani huoni? Si kijani?"