Kura ya Kiwanda cha Ngozi

Mbele ya darasa lililochanganya fani zote za chuo, Mwalimu Tabu aliweka mezani chupa ya maji ya mto, mekundu kama chai ya rangi. Wanafunzi wa kemia walitaja sumu iliyomwagwa humo na kiwanda cha ngozi. Wa biashara walisema nusu ya mji inakula kutokana na kiwanda hicho. Mvungi, wa sheria, alisimama.

"Kifungwe leo leo!"

"Tutapiga kura," alisema mwalimu. "Kwanza, aliyevaa ngozi ya kiwanda hicho aivue, ailete hapa."

Viatu vilirundikana kando ya chupa. Mvungi alichomoa mkanda wake.

"Haya, wanaotaka kifungwe, mikono juu."

Mvungi alishikilia suruali kwa mkono mmoja. Ule mwingine uliishia usawa wa bega, haupandi, haushuki.